Jaribio Lililozimwa Likirudishwa: Barua ya Wazi kwa Wahakiki wa Programu Huria za Afya

KWA: Wahakiki wa msimbo na wasimamizi wa miradi ya programu huria za afya

YAH: UHAKIKI WA MAREKEBISHO YANAYORUDISHA JARIBIO LILILOZIMWA KWA MUDA MREFU

Jaribio otomatiki ni programu ndogo inayoiendesha programu kubwa kwa data inayojulikana, kisha kulinganisha jibu lililopatikana na jibu lililotarajiwa. Yakilingana, jaribio limepita. Yakitofautiana, limefeli, na badiliko lililoletwa husimama hadi sababu ijulikane. Katika miradi ambayo wachangiaji wake hawajawahi kuonana, na mmoja yuko Kampala, mwingine Oslo na wa tatu Eldoret, majaribio hayo ndiyo yanayomjulisha mgeni kama mkono wake umevunja kitu ambacho hata hakujua kipo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kuingia kazini Eldoret mwaka 2006, umejengwa hivyo. Ndivyo ilivyo pia kwa DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Makosa ya mifumo ya aina hii hayaishii kwenye skrini. Huandikwa kwenye faili la mgonjwa.

Kuzima jaribio ni kazi ya mstari mmoja. Katika toleo la 4 la JUnit, zana ya majaribio ya programu za Java, mstari huo huandikwa @Ignore; tangu toleo la 5, lililotoka mwaka 2017, huandikwa @Disabled. Jaribio hubaki mahali pake, hukusanywa pamoja na mengine, lakini haliendeshwi. Ripoti hulihesabu miongoni mwa yaliyorukwa, na taa huendelea kuwaka kijani. Sababu ya kulizima mara nyingi huwa na uzito siku hiyo: toleo linatakiwa kutoka Ijumaa, jaribio linafeli leo na kupita kesho bila mtu kugusa chochote, aliyeliandika ameshahama, au seva ya nje iliyotegemewa imefungwa. Uamuzi wa namna hiyo unaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kuuacha ukae miaka bila mtu kuurudia.

Katika miaka hiyo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Jaribio lenyewe huchakaa: majina ya vitendaji hubadilika, data yake ya mfano huacha kuoana na majedwali mapya, na jibu lililotarajiwa huwa la kanuni iliyokwisha kufutwa. Jambo la pili ni zito zaidi. Sehemu ya programu iliyokuwa chini ya jaribio huendelea kuhamishwa na kuandikwa upya na watu wasiojua kwamba hakuna tena kinachoiangalia.

Hatari hiyo ilionekana wazi Marekani, Agosti 1, 2012, katika kampuni ya hisa ya Knight Capital. Kampuni ilikuwa na kipande cha msimbo kilichoitwa Power Peg ambacho kiliacha kutumika mwaka 2003 lakini hakikuondolewa. Mwaka 2005 sehemu iliyohesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, yaani ile iliyokiambia kipande hicho lini kiache kununua, ilihamishiwa kwingine, na Power Peg haikujaribiwa tena baada ya hapo. Miaka 7 baadaye programu mpya iliwekwa kwenye seva 7 kati ya 8, ikitumia alama ileile ambayo zamani iliiamsha Power Peg. Seva ya nane iliamsha msimbo wa zamani, nao ukatuma oda bila kujua pa kukomea. Katika dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Kwa uhakiki, funzo kubwa liko katika ule mwaka wa 2005: msimbo ulioachwa bila jaribio ulibadilishwa, na kwa miaka 7 hakuna kilichoonyesha kwamba umeharibika.

Kwa sababu hiyo, mchangiaji anapoleta marekebisho yenye kichwa kama “kurudisha jaribio lililozimwa”, mhakiki anakabidhiwa maswali mawili kwa mpigo. Je, jaribio hili ni sahihi kwa programu ya leo? Na je, programu ilikuwa sahihi muda wote ambao jaribio halikuwapo? Taa ya kijani kwenye seva ya majaribio haijibu lolote kati ya hayo. Inachosema ni kwamba jaribio, kama lilivyoandikwa sasa, linakubaliana na programu kama ilivyo sasa, na vitu viwili vyenye kosa moja hukubaliana vizuri sana.

Uhakiki huanzia kwenye historia. Kabla ya kusoma mstari wowote mpya, mhakiki hutafuta badiliko lililolizima jaribio. Amri ya git log yenye kigezo cha -S, ikipewa jina la jaribio, huonyesha kila badiliko lililoongeza au kuondoa jina hilo. Git blame huonyesha mstari wa @Disabled uliingia lini na kwa ujumbe gani. Ujumbe ukiwa na namba ya tatizo, hapo ndipo penye ushahidi: maneno ya kosa, saa lilipotokea, mashine iliyohusika. Ujumbe ukiwa maneno mawili tu, “linafeli, nimezima”, mchangiaji anatakiwa airudishe programu kwenye hali ya siku ile, aendeshe jaribio na kulishuhudia likifeli. Ni kazi ya saa kadhaa, pengine ya siku nzima iwapo maktaba za zamani hazipatikani kwa urahisi. Hata hivyo, marekebisho ya kosa ambalo hakuna aliyeliona ni kubahatisha, na mhakiki ana haki ya kuomba kosa hilo lionyeshwe.

Historia ikishajulikana, chanzo huangukia mahali pamoja kati ya matatu: jaribio lilikosea, programu ilikosea, au mazingira ya kuendeshea yalikosea. Marekebisho lazima yaguse mahali palepale. Hapa ndipo uhakiki mwingi huteleza, kwa sababu kugusa jaribio ni rahisi kuliko kugusa programu, na matokeo ya njia zote mbili huonekana sawa kwenye ripoti.

Mfano wa tarehe ya kuzaliwa unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa aina hii ya hitilafu hujirudia katika mifumo mingi. Chukua jaribio linalosajili mtoto mchanga na kuhakikisha kwamba tarehe yake ya kuzaliwa ni ya leo kwa saa za Nairobi. Programu huipata “leo” kwa kuita LocalDate.now(), ambayo hufuata ukanda wa saa wa mashine inayoiendesha. Kwenye kompyuta ya mwandishi aliyeko Nairobi au Dar es Salaam jaribio hupita usiku na mchana. Kwenye seva ya majaribio iliyowekwa UTC hufeli kila linapoendeshwa kati ya saa sita na saa tisa usiku za Afrika Mashariki, kwa sababu saa hizo huku ni siku mpya ilhali UTC bado ni jana. Saa nyingine zote hupita. Jaribio la namna hii hupewa sifa ya ukigeugeu, huzimwa, na husahaulika.

Miaka mitano baadaye yanakuja marekebisho. Mchangiaji ameweka mstari mmoja mwanzoni mwa jaribio unaoulazimisha ukanda wa saa kuwa UTC, na jibu linalotarajiwa nalo limehesabiwa kwa UTC. Jaribio linapita saa zote 24. Mhakiki mwenye haraka ataidhinisha, na atakuwa ameidhinisha kosa. Mtoto aliyezaliwa Kisumu Februari 29, 2024, saa nane na nusu usiku, akisajiliwa na muuguzi wa zamu dakika hiyohiyo kwenye mfumo ambao seva yake iko UTC, bado ataandikwa kuwa amezaliwa Februari 28. Kadi ya kliniki itasema tarehe moja na kompyuta itasema nyingine. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zitahesabiwa kutoka siku isiyo yake. Jaribio la awali lilikuwa likisema kweli kila lilipofeli, na marekebisho haya yamelinyamazisha kwa namna ambayo ni mbaya kuliko kulizima, kwa kuwa sasa hata orodha ya yaliyorukwa haitalionyesha tena.

Marekebisho sahihi yanaigusa programu. Tangu Java 8 ya mwaka 2014 kuna Clock, saa inayoweza kupitishwa kwa programu badala ya programu kujichukulia saa ya mashine. Programu hupewa saa hiyo pamoja na ukanda wa kituo cha afya, na jaribio huigandisha saa kwenye nukta iliyochaguliwa kwa makusudi: Februari 28, 2024, saa 23:30 UTC, jibu linalotarajiwa likiwa Februari 29. Jaribio la pili huigandisha saa 20:30 UTC ya siku hiyohiyo na kutarajia Februari 28. Mawili hayo yanaushika mpaka wa siku pande zote mbili, na matokeo yake hayategemei tena saa ambayo seva imeamua kuyaendesha. Mhakiki makini ataongeza swali moja kuhusu wazee. Kuna miaka ya ukoloni ambapo saa ya Nairobi ilitofautiana na UTC kwa saa 2 na dakika 45, si saa 3, na hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na Java imeitunza tofauti hiyo. Usiku wa manane uliohifadhiwa kwa saa 3 kamili na kusomwa kwa saa 2 na dakika 45 huwa saa tano na dakika 45 usiku wa siku iliyotangulia, na bibi aliyezaliwa miaka hiyo hupungukiwa siku moja. Tarehe ya kuzaliwa inapaswa kuhifadhiwa kama tarehe tupu, bila saa wala ukanda.

Ukigeugeu wenyewe una vyanzo vinavyojulikana. Google ilieleza mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na kiwango fulani cha ukigeugeu, na kwamba asilimia 84 ya matukio ya jaribio kutoka kupita hadi kufeli yalihusisha jaribio kigeugeu. Miaka miwili kabla ya hapo, Qingzhou Luo na wenzake walichunguza marekebisho 201 ya majaribio ya aina hiyo katika miradi 51 ya Apache. Kati ya yale waliyoweza kuyaainisha, karibu asilimia 45 yalitokana na kutosubiri ipasavyo kazi inayoendelea pembeni, asilimia 20 na nyuzi zinazogongana, na asilimia 12 na jaribio kutegemea lililotangulia. Mhakiki anayejua mgawanyo huo anajua pa kuanza kutazama.

Kuhusu kusubiri, alama ya hatari ni Thread.sleep. Marekebisho yanayoongeza usingizi kutoka sekunde 1 hadi 5 hayajarekebisha kitu. Yameifanya hitilafu iwe adimu, na seva ya majaribio itakapolemewa na kazi, itarudi. Kinachotakiwa ni jaribio kusubiri hali yenyewe itimie, kwa mfano rekodi ionekane kwenye hifadhidata, likiwa na kikomo cha muda, na kikomo kikifika liseme wazi lilichokuwa likisubiri. Kuhusu utegemezi wa mpangilio, jaribio lililorudishwa liendeshwe peke yake, kisha pamoja na mengine kwa mpangilio uliochanganywa. Likipita kwenye kundi na kufeli likiwa peke yake, linakula data iliyoachwa na jirani.

Idadi ya kurudia pia ina hesabu yake. Jaribio linalofeli mara 1 katika 100 likiendeshwa mara 20, uwezekano wa kupita mara zote 20 ni takriban asilimia 82. Maneno “nimeliendesha mara 20, liko sawa” hayana uzito wa kutosha. Ili kuwa na asilimia 95 ya uwezekano wa kuiona hitilafu ya namna hiyo walau mara moja, inabidi liendeshwe mara 300 hivi. Kwa jaribio la nusu sekunde hiyo ni dakika mbili na nusu za mashine, gharama ndogo kabisa ukiilinganisha na mwaka mwingine wa kulizima. Kwa jaribio la dakika tatu ni saa 15, na hapo mhakiki apime: pengine kusoma chanzo kwa makini kutasaidia zaidi ya kurudiarudia.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni kuliona jaribio likifeli kwa sababu iliyo sahihi. Mhakiki achukue jaribio lililorudishwa, aiondoe sehemu ya marekebisho iliyogusa programu, aendeshe. Lazima lifeli palepale, na maneno ya kosa yafanane na yale ya zamani. Lisipofeli, jaribio na marekebisho havihusiani, hata kama vimeletwa katika ombi moja. Kisha aiharibu programu kidogo kwa makusudi: ageuze “ndogo kuliko” iwe “ndogo kuliko au sawa na”, aongeze siku moja, afute ukaguzi wa thamani tupu. Kila uharibifu unaogusa ahadi ya jaribio unapaswa kuliangusha. Njia hii ilielezwa kitaalamu na DeMillo, Lipton na Sayward mwaka 1978, na leo kuna zana kama PIT zinazoifanya kwa Java bila kuandika chochote kwa mkono. Kwa jaribio moja, hata hivyo, mkono unatosha, na humfundisha mhakiki mengi kuhusu msimbo aliokuwa anausoma kwa macho tu.

Mistari ya kulinganisha isomwe neno kwa neno, ya zamani kando ya mpya. Jaribio lililokuwa likidai tarehe fulani kamili na sasa linadai tu kwamba tarehe si tupu limenyang'anywa kazi yake. Vivyo hivyo orodha iliyotarajiwa kuwa na wagonjwa 3 kwa majina, ambayo sasa inatarajiwa tu isiwe tupu. Kudhoofisha dai hakufanywi kwa hila. Mara nyingi mchangiaji amekutana na dai asilolielewa, akaliacha lile ambalo programu inalitimiza. Ndiyo maana idadi mpya kwenye jibu linalotarajiwa idaiwe chanzo. Kama jaribio lilitarajia miligramu 250 na sasa linatarajia 500, inatakiwa kanuni iliyobadilika, yenye tarehe na badiliko lake kwenye historia. Thamani iliyonakiliwa kutoka kwenye jibu la programu ya leo haithibitishi lolote kuhusu programu ya leo.

Ukimya wa zana usimtulize mhakiki. Mwaka 2006, katika kifurushi cha OpenSSL cha Debian, mistari iliyokuwa ikisababisha onyo la zana ya kukagua kumbukumbu iliondolewa. Onyo lilikoma. Pamoja nalo uliondoka karibu unasibu wote uliotumika kutengeneza funguo za siri. Ilibaki namba ya mchakato tu, yaani uwezekano usiozidi 32,768. Ilichukua hadi Mei 2008 kugundulika, na funguo zilizotengenezwa kwenye mashine za Debian na Ubuntu katika kipindi hicho zikalazimika kutupwa. Swali kuhusu kuiondoa mistari hiyo lilikuwa limeulizwa kabla ya badiliko, na jibu likatolewa bila mtu kusoma kwa kina ilifanya nini. Uhakiki ulikuwapo, ulichokosa ni muda wa kuelewa.

Wakati mwingine jibu sahihi ni kulifuta jaribio. Kipengele kilichoondolewa hakihitaji mtihani, na jaribio lililorudiwa na jingine bora halina sababu ya kuokolewa. Kufuta kufanywe katika badiliko lake lenyewe, sababu ikiandikwa, ili anayesoma historia asidhani limepotea.

Upo pia upande wa mtu. Kazi ya kurudisha majaribio hupewa wageni wa mradi, wengi wao wanafunzi, kwa dhana kwamba ni nyepesi. Kama inavyoonekana, inadai kuisoma historia, kuielewa programu na kupambana na mazingira ya zamani. Ombi la namna hiyo likikaa wiki sita bila jibu, tawi kuu litakuwa limesonga, mgongano utakuwa umeingia, na mchangiaji atakuwa ameondoka, pengine moja kwa moja. Mhakiki asiye na nafasi aseme hivyo mapema na amkabidhi mwenzake. Maombi yaletwe madogo, jaribio moja kwa ombi moja, kwa sababu majaribio 40 yaliyorudishwa kwa mpigo hayahakikiwi, hutazamwa tu. Na pale ambapo marekebisho yameifichua hitilafu halisi ya programu, mchangiaji aandikwe kwenye maelezo ya toleo kuwa ndiye aliyeipata.

Baada ya kuunganishwa, jaribio lililorudishwa linahitaji kufuatiliwa kwa majina: mwandishi wa marekebisho na mhakiki wake wapokee taarifa kila linapofeli katika wiki za mwanzo. Likifeli, kumbukumbu ya mzunguko huo ihifadhiwe kabla haijafutwa na seva, pamoja na saa, toleo la Java na mpangilio wa majaribio uliotumika. Ikibidi lizimwe tena, mstari wa kulizima ubebe namba ya tatizo, sababu kwa sentensi kamili, na tarehe ya kulirudia. Wasimamizi wa miradi wanaombwa kuiweka orodha ya majaribio yote yaliyozimwa kwenye ajenda ya kila toleo, kando ya orodha ya hitilafu zilizo wazi, na kutotangaza toleo kabla kila jina kwenye orodha hiyo halijapata mtu wa kulishughulikia.